Nungwi, Paje, Mji Mkongwe au Pemba: ukiingia baharini, vitu vyako unamwachia nani?

Mtu akipanga likizo ya Zanzibar, awe anatoka Dar, Mombasa, Nairobi au Kigali, hufika mahali akauliza: upande gani una usalama zaidi? Ni swali la haki, ila likiulizwa hivyo halimsaidii. Wizi unaowakuta wageni wengi kwenye fukwe zetu si wa kuvamiwa. Ni wa kuokotewa. Simu imeachwa ndani ya kiatu, mkoba umening'inizwa nyuma ya kiti, dirisha limeachwa wazi upepo uingie. Mtu kageuka kidogo, kitu hakipo.

Kwa hiyo mimi mgeni akiniomba ushauri humuuliza kwanza: muda ule ukiwa majini, vitu vyako viko na nani? Akishalijibu hilo, kuchagua kijiji, chumba na usafiri kunakuwa rahisi. Nitazilinganisha sehemu zetu kwa kipimo hicho hicho, na pale ninapoona chaguo moja linalishinda jingine nitasema wazi.

Kaskazini na mashariki: maji ndiyo yanayoamua

Wengi huchagua kati ya Nungwi na Paje kwa kuangalia picha. Picha hazikwambii habari ya maji kupwa na kujaa, na hiyo inagusa usalama wa mkoba wako kuliko wingi wa walinzi.

Nungwi na Kendwa ziko ncha ya kaskazini ya Unguja, na huko maji hayaendi mbali. Hata yakipwa, unatoka mchangani unaingia kuogelea baada ya hatua chache. Mkoba uko mbele ya macho yako, na mwenzako aliyebaki juu akikuita unasikia.

Mashariki ni habari nyingine. Kuanzia Matemwe na Kiwengwa kushuka hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, mwamba uko mbali, na kati ya mwamba na ufukwe kuna uwanda mpana wa maji haba. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4 hivi, na upande huo bahari hurudi nyuma mpaka ukaiona kama mstari mweupe tu kwenye mwamba. Tena bamvua ina saa zake: maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi, saa nne, saa tano, wakati ambao wageni wameshakunywa chai na wametoka ufukweni.

Hapo ndipo mambo hutokea. Mgeni anatandika kanga, anaweka mfuko juu yake, anasema naenda mara moja kuwaona akina mama wa mwani. Anatembea. Kule anakuta vigingi vimepangwa mistari, kamba zimefungwa mbegu, nyota za bahari kwenye vidimbwi. Mama mmoja anamwonesha namna fundo linavyofungwa ili wimbi lisiling'oe. Akija kugeuka kutazama alikotoka, ile kanga haionekani tena, na hoteli zote kutoka kule zinafanana. Ufukweni huku watu wanapita: watoto wa skuli, wauza madafu, vijana wa kuuza safari za boti, wavuvi wa pweza na mikuki yao, wageni wenzake. Karibu wote wana shughuli zao na hawana haja na mfuko wake. Wa kuiharibu siku ni mmoja tu, na huyo ana nusu saa nzima ya kufikiri.

Kuna jambo jingine la mashariki ambalo watu hulisahau. Maji yanayokwenda mbali hurudi, na yakirudi huja kwa kasi kuliko mgeni anavyotarajia. Vipo viatu, taulo na hata simu zinazolalamikiwa kwamba zimeibwa, kumbe zimebebwa na maji. Muulize mtu wa hoteli saa za kupwa na kujaa za siku hiyo. Kila siku husogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo saa ya jana siyo ya leo.

Je, Nungwi ndiyo bora basi? Kwa kuogelea huku unaviona vitu vyako, ndiyo. Lakini Nungwi ina watu wengi, biashara nyingi, muziki wa usiku, na mapapasi, yaani vijana wanaojipachika kuelekeza wageni, wanaomfuata mgeni tangu anashuka kwenye gari. Sehemu yenye msongamano ni sehemu ya kuchomolewa mfukoni. Sherehe za mwezi mpevu za Kendwa zinakusanya watu kutoka kisiwa kizima, na mtu aliyekunywa au anayecheza kwenye giza hana habari na mfuko wake wa nyuma. Ukienda, nenda na pesa ya usiku huo na simu moja kwenye mfuko wa mbele wenye zipu, basi.

Na kuna ile njia ya kutembea ufukweni kutoka Nungwi hadi Kendwa. Mchana maji yakiwa yamepwa ni matembezi mazuri sana. Maji yakijaa, sehemu za chini ya majabali hazipitiki vizuri, na jua likishazama kuna vipande havina hoteli wala taa wala mtu. Hapo siyo wizi wa kuokotewa tena. Mtu anaweza kukusimamisha. Usiku chukua teksi hata kama ni karibu. Ushauri huu ni huo huo kwa Paje na Jambiani, na kwa ufukwe wowote usio na taa.

Nikiambiwa nichague: familia yenye watoto wanaotaka kushinda majini, na mtu mzima mmoja tu wa kukaa na vitu, waende Kendwa au Nungwi. Anayekwenda kujifunza kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji, anayependa kutembea sana, au anayetaka kijiji chenye watu kinachoendelea na maisha yake, aende Paje au Jambiani, lakini akitoka kwenda kwenye maji atoke mikono mitupu.

Mji Mkongwe

Kulala Mji Mkongwe na kwenda fukweni kwa safari za siku ni chaguo ambalo watu hulidharau. Nyumba za mji zina kuta nene, mlango mmoja mzito, na mtu wa mapokezi anayeona kila anayeingia. Kwa usalama wa vitu vilivyobaki chumbani, mji unazishinda bangaloo nyingi za ufukweni.

Shida ya mji ni njiani. Vichochoro ni vyembamba, pikipiki zinapita humo humo, na kibaka wa kukwapua anahitaji sekunde moja tu ya wewe kushika simu mkononi ukitafuta njia kwenye ramani. Mkoba uvae upande wa ukuta, siyo upande wa njia. Ukitaka kusoma ramani, ingia dukani au simama karibu na baraza lenye watu. Kichochoro ambacho wazee wamekaa barazani wanapiga soga baada ya Isha ni salama kuliko njia pana isiyo na mtu, kwa sababu wale wanajua nani ni wa mtaa na nani siye. Ukiona kichochoro kimekufa kimya, rudi ulikotoka uulize njia nyingine, hakuna atakayekucheka.

Darajani sokoni beba mfuko mbele. Forodhani jioni, watu wanapojipanga kwenye meza za vyakula, usiweke simu juu ya meza ukaipa kisogo. Wakati wa tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, mwezi wa Februari, umati ni mkubwa na sheria ya Kendwa ndiyo hiyo hiyo.

Kutoka mjini unaweza kupanda boti kwenda kisiwa cha Changuu au fungu la mchanga la Nakupenda. Kwa swali langu la vitu viko na nani, Nakupenda ina jibu zuri: fungu halina nyumba, wote mmekuja kwa boti, na nahodha anabaki na chombo chake. Mkabidhi yeye mfuko, mkono kwa mkono, mbele ya wenzako.

Pemba

Pemba ni kisiwa cha watu wanaojuana. Mgeni akishuka Mkoani kwa meli au Chake Chake kwa ndege, habari zake zinamtangulia. Fukwe kama Vumawimbi, kule Kigomasha nyuma ya msitu wa Ngezi, unaweza kuikuta nzima ikiwa yako. Papasi wa kukufuata hakuna, muziki wa usiku hakuna, na ile hofu ya kuchomolewa mfukoni hupungua sana.

Ila Pemba ina mizani yake. Kwanza, ufukwe usio na mtu hauna pia wa kukusaidia. Ukijikata mguu, ukipotelewa na ufunguo, au akatokea mtu mbaya mmoja, uko peke yako. Nenda na mwenyeji, siyo kwa woga, ni kwa sababu ndiyo desturi ya kule: mgeni haachwi atembee peke yake. Pili, benki ziko mjini, na ukiwa Kigomasha uko mbali nazo, hivyo mtu hubeba pesa taslimu nyingi kuliko ambavyo angebeba Unguja. Kitu chenyewe ulichokikimbia, yaani kubeba hazina mfukoni, unakirudia kwa mlango mwingine. Anayekwenda Pemba apange malipo ya chumba na usafiri mapema kwa benki au kwa simu, abaki na pesa ya kula na ya nauli tu.

Kwa mtu anayekuja mara ya kwanza na hana mwenyeji, ningemwambia aanze Unguja. Kwa mwenye mwenyeji Pemba, asisite hata kidogo.

Chumba: hoteli kubwa au nyumba ya wageni kijijini?

Hoteli kubwa ina geti, walinzi, kamera na sefu chumbani. Nyumba ndogo ya wageni kijijini ina mama mwenye nyumba, watoto wake, na jirani anayepepea samaki nje ya mlango. Usiidharau ya pili. Kwenye nyumba ambayo kuna mtu saa zote, na mtu huyo anajulikana kijiji kizima, mwizi anafikiri mara mbili. Iliyo mbaya kuliko zote mbili ni ile ya katikati: bangaloo la kukodi lililojitenga, halina mlinzi, mwenyewe yuko Dar au Ulaya, na funguo zinaachwa chini ya chungu cha maua. Hiyo bei yake ikiwa rahisi, fikiria vizuri.

Kabla hujalipia, uliza mambo haya na udai jibu la wazi: usiku kuna mlinzi? Madirisha yana nondo au nyavu peke yake? Mlango unafungwa kwa kufuli langu au komeo lenu? Sefu ipo, na imefungwa kwenye ukuta au inabebeka?

Habari ya madirisha siyo ndogo. Kuna wizi wa fimbo, na watu wa Afrika Mashariki tunaujua wote: mwizi haingii ndani, anapitisha mti mrefu wenye ndoana kati ya nondo, anavuta suruali iliyotundikwa au simu inayochajiwa mezani. Wewe umelala ndani ya chandarua, feni inalia, husikii kitu. Simu ichajie upande wa kitanda ulio mbali na dirisha. Suruali yenye pochi isitundikwe usawa wa dirisha. Ni mambo ya dakika moja.

Na sefu itumie kila siku, hata ukitoka kwa chai tu. Hapa nina uchungu nalo jambo hili. Mgeni akipotelewa na saa au pete chumbani, wa kwanza kutazamwa vibaya ni msafishaji wa chumba. Anaitwa ofisini, anahojiwa, wakati mwingine anasimamishwa kazi, halafu ile pete inakuja kuonekana ndani ya soksi kwenye begi siku ya kuondoka. Mwanamke yule ana watoto wanaomtegemea na jina lake kijijini limeshachafuka. Ukifungia vitu vyako unajilinda wewe, na unamlinda na yeye. Na ukikosa kitu, pekua begi lote kwanza, mfuko kwa mfuko, kabla hujafungua mdomo mapokezi.

Dakika ishirini za kuogelea

Sasa turudi kwenye lile swali. Uko ufukweni, umevaa nguo ya kuogelea, una simu, ufunguo na pesa kidogo. Unafanyaje? Watu huchagua kati ya njia chache, na hazilingani hata kidogo.

Kuficha ndani ya kiatu au kuzika mchangani chini ya taulo ni njia mbaya kuliko zote, na ndiyo inayopendwa. Kila anayepita ufukweni anajua taulo lililofumbatwa vile lina nini chini yake. Tena mchanga hauna alama. Watu huzika wenyewe wakasahau wapi.

Kumwomba mgeni mwingine aliyekaa karibu akuangalizie ni bora kidogo, mradi si mtu aliyekuja kukuzoea ghafla dakika tano zilizopita. Familia yenye watoto wadogo ni watu wazuri wa kuombwa, kwa sababu hawaondoki haraka. Nao uwarudishie wema ule ule wakitaka kuingia majini.

Kitanda cha kuotea jua cha hoteli kina faida ambayo wengi hawaijui mipaka yake. Ufukwe ni wa umma. Kila mtu ana haki ya kupita. Yule mlinzi, mara nyingi kijana wa Kimaasai na rungu lake, anasimamia eneo la hoteli, na zamu yake inaishia kwenye safu ya mwisho ya vitanda. Ukivuta kitanda chako mbele mpaka karibu na maji ili upate picha nzuri, umejitoa mwenyewe kwenye ulinzi. Kaa safu ya nyuma. Msalimie mlinzi kwa jina lake, mwambie unaingia majini. Mtu aliyesalimiwa huangalia zaidi.

Mkahawa wa ufukweni nao unasaidia: nunua soda au dafu, mwombe mhudumu akuwekee mfuko nyuma ya kaunta. Uliza jina lake, na umwambie ndani kuna nini ili asije akabebeshwa lawama ya kitu ambacho hakikuwemo.

Mfuko mdogo usiopitisha maji, wa kuvaa kiunoni au shingoni, unaingia nao majini. Kwa anayesafiri peke yake hii ndiyo njia yangu. Ila ujaribu kwanza: weka karatasi kavu ndani, uzamishe kwenye ndoo kwa muda, utazame kama karatasi imelowa. Usiamini maneno ya muuzaji ukaweka simu moja kwa moja. Maji ya chumvi hayasameheki.

Na njia inayozishinda zote ni kuacha. Simu ibaki kwenye sefu. Nenda ufukweni na ufunguo uliofungwa kwa kamba mkononi, na noti moja ya dafu. Picha utapiga jioni, mwanga wa jioni wenyewe ndio mzuri zaidi.

Pesa mfukoni, pesa kwenye simu, au kadi

Mtu wa bara hana sababu ya kuvuka bahari na bunda la noti. M-Pesa, Airtel Money na Mixx by Yas zinafanya kazi Zanzibar kama kwenu, na wakala unamkuta mpaka vijijini. Mkenya naye anaweza kutuma kutoka M-Pesa ya Safaricom kwenda M-Pesa ya Vodacom Tanzania, kwa hiyo akiwa na mwenyeji anayemwamini, au laini ya hapa iliyosajiliwa kwa pasipoti yake, anatoa kidogo kidogo kila anapohitaji. Kadi ni nzuri hotelini, lakini mashine za kutolea pesa ni chache nje ya mji. Toa mchana, ndani ya benki, ukiwa mjini.

Tatizo la pesa ya simu ni kwamba simu ikiibwa, pochi nayo imekwenda. Zuia hilo kabla ya safari. Weka namba ya siri kwenye simu, na weka nyingine kwenye laini yenyewe, maana mwizi huichomoa laini akaitia kwenye simu yake na kuanza kupokea ujumbe wako. Namba ya siri ya pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, hasa kama kitambulisho chako kinakaa kwenye kava la simu hiyo hiyo. Hapo mwizi umemwachia kufuli na ufunguo. Bonyeza *#06#, nakili ile IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenye karatasi, iache nyumbani. Na simu ikipotea, watu wako waambiwe haraka kwa njia nyingine, kwa sababu ujumbe wa kwanza watakaoupata kutoka kwenye namba yako huenda ukawa wa kuombwa pesa. Sisi sote tumeshapokea ile "tuma kwenye namba hii". Ikitoka kwenye namba ya ndugu yako unayejua yuko safarini, inaaminika kirahisi mno.

Noti zigawe. Za matumizi ya leo ziwe mfuko mmoja, nyingine zilale kwenye sefu. Usihesabu pesa mbele ya watu.

Njiani

Daladala ni rahisi na inakukutanisha na watu. Gari za 116 zinakwenda Nungwi, na za Paje na Jambiani zipo pia. Wizi ndani yake ni nadra, maana mmebanana na kila mtu anamwona mwenzake. Hatari ni mbili: simu mkononi karibu na dirisha gari ikisimama, na begi lililopandishwa juu ya keria wakati wewe uko ndani. Begi kubwa liko juu, sawa, lakini pasipoti, dawa na pesa ziwe mapajani mwako.

Teksi ni ghali lakini unatoka mlango hadi mlango na mizigo yako yote. Kubaliana bei kabla ya kupanda, piga picha namba ya gari, na ukishuka tazama kiti chote. Kwa siku ya kufika na siku ya kuondoka, ukiwa na mabegi, teksi ndiyo chaguo langu bila mjadala.

Pikipiki ya kukodi inatamanisha, ila kile kisanduku chini ya kiti hakina kufuli la kutegemewa. Usikifanye sefu. Na wanaokodisha wakidai pasipoti yako ikae kwao kama dhamana, kataa. Toa kivuli chake, yaani nakala, au tafuta mwingine.

Bandarini, Dar na Malindi ya mjini Unguja, tiketi nunua ofisini au mtandaoni, siyo kwa mtu anayekukimbilia njiani. Wapagazi uwaambie bei kwanza, na utembee nyuma yao, siyo mbele.

Mapapasi nao sitaki kuwachafua wote. Wapo vijana wanaojitafutia riziki kwa kuelekeza watu. Lakini ukilinganisha papasi na muongoza wageni mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, wa pili anaweza kutafutwa kesho kukiwa na tatizo. Wa kwanza hapatikani. Usimlipe mtu pesa yote ya safari ya kesho leo jioni, hata akiwa mcheshi namna gani.

Ikishatokea

Hapa kuna uchaguzi mmoja mzito kuliko yote niliyoyataja: kupiga kelele za "mwizi!" au kutopiga. Nakusihi usipige. Wewe ni mtu wa Afrika Mashariki, unajua kinachofuata. Kijana wa miaka kumi na saba anakamatwa, watu wanaokota mawe, na katika dakika chache roho ya mtu imetoka kwa ajili ya simu. Pengine hata hakuwa yeye. Mwenye njaa ya kupiga hahitaji ushahidi.

Badala yake, mwambie mwenyeji wako au mtu wa hoteli, mwende pamoja kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji. Kila shehia ina sheha wake, na sheha anawajua watu wake, pamoja na wale vijana watatu wanne ambao kila mtu anawajua. Vijijini kitu huweza kurudi kwa njia hii kimya kimya, usiku huo huo, bila mtu kuumizwa.

Polisi uende vilevile, usiache. Ikiwa uko mjini, kituo cha Malindi hakiko mbali. Hatari ikiwa ya sasa hivi, piga 112. Laini uifunge kwa huduma kwa wateja wa mtandao wako kwa simu ya mtu mwingine. Kituoni eleza mahali, saa na kitu chenyewe, toa ile IMEI uliyoiacha nyumbani, usomewe kwa simu ya mwenzako, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Bila hiyo unaweza kusumbuka kurudisha laini, ubalozi hautakushughulikia haraka kwa pasipoti, na bima haitakusikiliza. Wageni wa nje wanaoingia Zanzibar walianza Oktoba 2024 kutakiwa kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Kama nawe umeikata, isome kabla ya kusafiri ujue inalipa nini na inataka karatasi gani, na ukipewa ya polisi ipige picha kwa simu ya mwenzako, uitume nyumbani kabla hujatoka pale kituoni.